Meno Yaliyopiga Mluzi

Wifi yangu alinyimwa shahada kwa sababu kazi yake ilionekana nzuri mno kuwa yake. Sina lugha laini ya kulisema jambo hilo, na waliolitenda hawakumtafutia yeye lugha laini.

Ni fundi wa meno bandia. Karakana yao iko nyuma ya kliniki: chumba kirefu chenye dirisha moja, mashine ya kung'arishia inayovuma kama nyuki, na rafu za mataya ya plasta yanayokenua siku nzima bila kuambiwa kichekesho. Vumbi jeupe hutua juu ya kila kitu, na mke wa kaka yangu hurudi nyumbani nyusi zake zikiwa zimezeeka kuliko yeye. Alikuwa na cheti kidogo na miaka mingi ya kazi pale chuo kikuu kilipoanzisha utaratibu wa kumsomesha mtu papo hapo kazini. Unafanya kazi yako, nadharia unaisoma jioni, mhadhiri anakuja kukupima mezani pako, na msimamizi wako anathibitisha kwamba ulichokionyesha umekitengeneza mwenyewe. Msimamizi wake alikuwa mkuu wa karakana, ambaye watu wote humwita Mzee Taya.

Nyumbani shaka ilianzia kwa mama yangu.

"Chuo gani hakina darasa wala kengele?" alimuuliza kaka yangu, mkewe akiwa papo hapo. "Huyu anasomea wapi, midomoni mwa watu?"

"Anasoma kazini, mama."

"Kazini watu hufanya kazi. Nimeshaona wake za watu wakisoma hivyo mpaka wakahama."

"Nikihama, mama, nitakuachia meno," wifi alisema.

"Yangu ninayo!"

"Mawili, mama."

Mama alicheka akionyesha hayo mawili. Kaka hakucheka. Akaanza kwenda kumchukua mkewe kazini mapema kuliko ilivyohitajika, akisimama mlangoni kama mtu aliyepotelewa na kitu asichotaka kukitaja.

Mimi shaka yangu niliielekeza kwingine. Mzee Taya ana desturi moja, nayo kwa fundi si mbaya: karakana nzima huchonga kwa mkono mmoja. Jino la huyu lisitofautike na jino la yule, ili mgonjwa akirudi baada ya miaka na meno yaliyovunjika, fundi yeyote ayatengeneze bila mshono kuonekana. Aliyejitia ufundi wake mwenyewe aliambiwa ayeyushe nta aanze upya. Wifi aliitii desturi hiyo mpaka ikawa damu yake.

Siku ya tathmini ya mwisho, wahadhiri wawili waliweka mezani seti aliyoitengeneza wifi, na kando yake wakaweka ya Mzee Taya. Wakazigeuza, wakazipeleka dirishani, wakatazamana.

"Hatuoni tofauti," mmoja alisema. "Mzee, hii ni kazi ya nani?"

Mzee Taya alifuta miwani yake polepole. "Hapa kila kitu hutoka mikononi mwangu," alijibu.

Basi. Jibu hilo lilitosha kuzika masomo ya miaka. Wapo wanaoniambia kwamba mzee alikuwa akijivunia karakana yake tu, hakudhamiria baya. Huenda. Lakini wiki chache kabla, kliniki ilikuwa imetangaza kwamba mkuu wa karakana sharti awe na shahada, na Mzee Taya hana. Mficha uchi hazai, na yeye pengo hilo hakumweleza mtu; mimi nilielezwa na karani wa kliniki kwa sauti ya chini, huku akitazama mlango.

Wifi alitaka kunyamaza. "Nitakula wapi, wifi, nikigombana naye?"

"Na ukinyamaza," nilimwambia, "utaitwa mwizi wa kazi yako mwenyewe mpaka ustaafu."

Akakata rufaa. Swali likawa, nani atamsemea? Mafundi wenzake waliinamisha vichwa. Kila mmoja ghafla alikuwa na taya la dharura. Aliyepatikana ni mtu ambaye wifi hakutamani kumwona tena: dalali mstaafu wa mnada, mwenye mdomo uliomlisha maisha yake yote. Seti iliyobishaniwa ilikuwa nakala ya meno bandia aliyotengenezewa na wifi. Yalipokuwa mapya yalipiga mluzi kila alipotamka neno lenye sauti ya 's', naye alikuja karakana akafoka hadi wagonjwa wa kliniki wakatoka kutazama.

Mbele ya jopo la rufaa hakungoja kuulizwa mara ya pili.

"Meno yangu yalipopiga mluzi," alisema, "nilimwendea mzee huyu. Akaninyooshea kidole kwa huyu binti: 'Yeye ndiye kayatengeneza, mlaumu yeye.' Nikamlaumu. Nilimtukana hata leo naona haya. Akanikalisha, akayakwangua, nikatamka, akayakwangua tena, siku baada ya siku, mpaka yakatulia. Sasa yametulia, mnaniambia ni ya mzee? Mnada gani huo, bidhaa mbovu yako, nzima yangu?"

Mwenyekiti alimgeukia Mzee Taya. "Ulisema hivyo?"

"Nilisema wakati wa kosa," mzee alijibu.

Alikuwa ameitamka mwenyewe sheria ya karakana ile: kosa lina mwenyewe, jema ni la mkuu. Jopo lilibatilisha uamuzi wa kwanza, na wifi akapewa shahada yake.

Mzee Taya alimpongeza mbele ya watu, akamwita mwanangu. Tangu hapo amekuwa mpole kupita kiasi, na upole huo haunipi usingizi. Kaka amerudi kumchukua mkewe saa ya kutoka kazini. Mama amemwomba meno.

Tangu Januari 2021 chuo hakipokei tena neno la msimamizi pekee: huhojiwa pia mteja aliyetumia kazi. Nafasi ya mkuu wa karakana ilitangazwa, kwa sharti lile la shahada, Juni mwaka huohuo, wifi akaomba. Mpaka ninapoandika haya haijajazwa, wala hakuna aliyetuambia kwa nini.