Sauti ya Baba Ukutani

Juzi, nyumbani kwa mjukuu wangu Salma hapa mtaani Garhoud, Uarabuni, televisheni ilionyesha maisha ya mwongozaji mmoja wa sinema aliyeanza na filamu bubu, kisha uzeeni akajifunza kutengeneza za kusema. Watu wake walifumbua midomo bila sauti. Nikajivuta hadi ukingoni mwa kiti.

"Bibi, mbona umekaa hivyo? Khalas, basi, nizime?"

"Iache, mwanangu. Nangoja waseme."

Utotoni kwetu Unguja, mgeni mmoja alikuja na kamera akampiga picha za sinema baba yangu, Seif muuza kahawa. Alasiri moja akatuonyesha darasani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi yanayonuka naftalini. Baba akatokea ukutani akigonga vikombe, mdomo wazi, kimya. Na baba yangu akinadi kahawa alisikika mitaa mitatu.

"Sauti yake kaichukua mgeni," akaninong'oneza Mwanaisha, binti wa shangazi yangu. "Hutamsikia tena."

Nikakimbia hadi nyumbani. Baba alikuwa kwenye mswala. Nikamwita mara tatu, hakugeuka. Midomo ilicheza tu, kama kule ukutani. Sikujua bado kwamba sala ya alasiri husaliwa kimya kimya. Nikakaa nyuma yake nalia, nanusa tangawizi kwenye kanzu yake.

Alipomaliza kutoa salamu, akanigeukia. "Zuwena, nani kakuliza?"

Yule mwongozaji aliingoja sauti miaka mingi. Mimi nilingoja rakaa nne, na naona mimi ndiye niliyengoja zaidi.