Firigisi ya Jumapili

Tangu nilipopatikana na ugonjwa wa sukari, binti yangu ananilisha majani ya dodo, mchicha wa huku kwetu, yaliyochemshwa bila chumvi, yenye harufu ya tambara lililovunda. Nayameza nimebana pua. Mapaja yangu, yaliyokuwa yakipanda mlima wa Mulago na gunia begani, sasa yananing'inia kama soksi kuukuu. Nesi alimwambia mbele yangu: "Misuli ya mzee inaisha. Mpe mayai, maharage, kuku." Akaitikia, "Sawa, sista," na jioni akanipakulia dodo.

Jumapili iliyopita alipika kuku. Kwetu firigisi ni ya baba. Nimeila mimi tangu nilipooa. Yeye akaiweka kwenye sahani ya mumewe. "Baba, wewe una sukari," akasema, kana kwamba kuku hulishwa miwa.

Nikaapa sitaketi tena kwenye meza ile. Nikasukuma sahani, nikajiinua, miguu ikakataa. Ni mkwe wangu aliyenishika makwapani kwa mikono yake yenye mafuta, akaninyanyua kama mtoto mchanga, huku bado anatafuna firigisi yangu.