Wivu wa Faradji wa Barieri

Hebu mumwone Faradji anavyofika asubuhi kwenye barieri, kizuizi cha polisi cha barabara ya Kabambare: buti zinang'aa, filimbi shingoni, na wenye pikipiki walio mbali wanageuza wapite nyuma ya kanisa. Miaka minane polisi huyu aliwashinda wenzake wote wa Kasongo, kwa sababu kila mwisho wa mwezi komanda alihesabu pikipiki zilizokamatwa, na za Faradji zilijaza uwanja wa ofisi.

Mwaka huu akaja komanda mpya. Akasema idadi ya waliokamatwa haitampa tena polisi yeyote alama. Ataangalia kama barabara iko salama, na kama raia wanamwendea polisi bila kuitwa. Na kulikuwa na cheo kimoja kinachongoja mtu. Cheo hicho, jamaa zangu, Faradji alikwisha kukivaa ndotoni.

Macho yake yakahamia kwa Anastasie, mwenzake wa njiapanda ya soko. Mama huyu kwa mwezi mzima alikamata pikipiki mbili, tatu, na wenzake walizoea kumcheka. Sasa Faradji akawa anamchungulia kutoka ng'ambo ya barabara. Wenye pikipiki walipunguza mwendo kabla hajainua mkono. Mmoja alisimama kumwambia ubao wa daraja umevunjika. Mwingine alimletea habari kwamba mke wake amejifungua. Roho ilimuuma Faradji hata chakula cha mchana kikamshinda.

Kesho yake akajaribu na yeye. Akamwita Yakubu, mbeba mawese wa Lusangi, kwa mkono tu, bila filimbi. Yakubu akazima pikipiki, akashuka, akamnyooshea ufunguo.

"Nimekuita nikusalimie," Faradji akasema.

"Ndiyo, shefu. Niipeleke mwenyewe ku biro ya polisi, ao utaipanda?"

"Ninakusalimia tu. Watoto hawajambo?"

Yakubu akaingiwa na hofu. "Shefu, watoto wamefanya nini?"

"Na kule kwa Anastasie, unashukaka hivi?"

"Kwa mama Anastasie? Ninashukaka kama niko na habari ya kumuambia."

Ijumaa komanda akamwita Faradji ofisini, akampa karatasi na biki. "Wewe umefanya kazi naye miaka mingi. Andika neno lako juu ya Anastasie. Cheo nitakitoa kwa neno hilo."

Faradji alijua mambo mawili, yote ya kweli. Mwaka huu hakuna mtu aliyegongwa kwenye njiapanda ya Anastasie. Na mwaka jana Anastasie alimwachia mwenye pikipiki asiye na hata karatasi moja ya pikipiki yake, akalificha jambo hilo. Nafasi ya kuandika kwenye karatasi ile ilikuwa ya mistari mitatu tu. Ungekuwa wewe, na roho inakuuma hivyo, ungeandika lipi?