Vipicha vya Mikeka ya Shangazi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka kwangu hapa Kibiti nikafika sokoni, nimeshasafiri. Kwenda Salale anakokaa shangazi, kwa boti, ndiyo kabisa, tumbo langu lilikataa zamani. Kwa hiyo shangazi alipotaka mikeka yake ionwe na watu wa mbali, nilimtengenezea tovuti bila kuinuka kitini. Kidato cha nne na video za kujifunzia zilitosha, nikajisifu. Nikakodi seva, kompyuta ya mbali ya kuihifadhi, nikapanga picha safu safu, kila moja kama kisanduku cha kiberiti. Kwenye kompyuta yangu zilifunguka kabla sijapepesa.

Mama mmoja wa Mohoro alikuwa anamwoza binti yake. Akamwambia shangazi atachagua mikeka ya shughuli kwenye simu. Shangazi alikuwa amesuka tangu masika, akiomba oda ya namna hiyo. Siku ya kuchagua, yule mama akaona visanduku vyeupe na kiduara kinazunguka. Akajaribu tena. Bando likaisha. Akatuma mtu dukani.

Basi harusini tukakalishwa juu ya mikeka ya plastiki, mimi na shangazi. Mohoro kuna barabara, sikuwa na kisingizio cha kutokwenda.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi huyohuyo, ni mtani wangu, na mtani hangoji ruhusa. Akaupapasa mkeka kwa kiganja.

"Jamani, fundi kafika! Fundi, mikeka ya mama imekwisha kufunguka, au bado inazunguka?"

"Iko njiani," nikamjibu. "Inakuja kwa miguu."

Wanawake wakacheka, mpaka aliyebeba sinia akalitua.

"Mwacheni mwanangu," shangazi akasema. "Kosa si lake. Mtandao wa huku kwetu mbovu, nyie hamjui?"

Nikainamia pilau. Mimi nilijua. Asubuhi ile niliufungua ukurasa kwa simu ya jirani, simu isiyowahi kuuona, nikaona aibu yangu yote. Vipicha vile havikuwa vidogo. Kila kimoja kilikuwa picha nzima kutoka kwenye kamera, ya kutosha kuchapia kalenda, imeminywa tu kwenye kioo. Kompyuta yangu ilikuwa imeshazihifadhi, ndiyo maana ikanidanganya. Anayetaka kuona punje nilimtwisha gunia la mpunga. Shangazi akanitetea, nami nikatafuna.

Nikarudi kutengeneza. Kwanza niliiamuru seva ipunguze picha kila inapoombwa. Ikahema: kila mgeni akija, anakobolewa mpunga wake upya. Mwishowe nikafanya kilichotakiwa tangu mwanzo. Kila picha nikaitolea nakala ndogo, mara moja tu, nikaiweka tayari. Ukurasa ugawe hizo ndogo. Kubwa ije ikiguswa. Za chini zingoje kidole kishuke. Na simu iliyokwisha kupokea itunze, isiombe tena.

Shangazi akapiga simu kutoka Salale.

"Mwanangu! Mikeka yote imefunguka, hata sijakaa sawa!"

"Na ile ya harusi, shangazi?"

"Ipo ndani, imekunjwa. Atakuja mwenye riziki yake." Akashusha pumzi. "Ila mtandao umetengemaa, mwanangu. Hao watu wa mnara wamehangaika. Nawaombea dua, Mungu awalipe kheri."

Ulimi ulikuwa kinywani, maneno nilikuwa nayo.

Nikaitikia amina.