Kinga Iliyomgeukia Lusweti

Mwaka wa 1978 Lusweti alikuwa kinyozi anayejulikana Kawangware, lakini hakuna mteja aliyejua kwamba kila asubuhi mkewe, Nafuna, ndiye aliyemfunga vifungo vya shati. Vidole vya mikono yote miwili ya Lusweti vilivimba kwenye viungo, vikawa vya moto, vikakataa kukunjika mpaka jua lipande. Ndipo alipokwenda kutundika kioo chake kwenye ukuta wa mabati, akiomba kimoyomoyo mteja wa kwanza asitake kunyolewa ndevu.

Siku moja mteja wa kwanza alikuwa Amolo, seremala wa jirani, naye alitaka ndevu. Wembe ulipofika chini ya taya, kidole gumba kikalegea ghafla. Amolo akaruka, damu ikimtiririka shingoni.

"Wewe! Unataka kunichinja?"

Alikuwa amekwaruzwa tu, lakini Lusweti aliuweka wembe chini. Akafunga kazi.

Nafuna akampeleka hospitali. Daktari, mama mpole, alimbonyeza viungo na kumtoa damu ikapimwe. Wiki iliyofuata akamweleza.

"Mzee, hujarogwa. Mwili una kinga ya kupigana na magonjwa. Kinga yako imekosea adui, inashambulia viungo vyako mwenyewe."

Akampa vidonge vya kuituliza. "Ukipata homa au kikohozi njoo haraka, kwa sababu kinga itakuwa chini. Na usiache dawa ghafla."

Baada ya siku nne alijifunga vifungo mwenyewe. Nafuna alicheka; Lusweti hakucheka. Chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa udongo, jirani yao Lazarus alikuwa akitibiwa kifua kikuu. Kila alipokohoa, Lusweti alibana pumzi. Kinga iko chini. Akaziba nyufa kwa magazeti, akahamisha kitanda, akawa hali chakula vizuri. Miezi miwili ilipopita aliamua afadhali vidole viharibike kuliko mapafu. Akatupa vidonge chooni bila kumwambia mtu.

Siku ya tatu hakuweza kusimama. Alitapika, jasho baridi likamtoka, macho yakaingia giza.

"Baba Lenah, umekula nini?" Nafuna alilia.

"Dawa... nimeitupa."

Majirani wakamlaza kwenye mkokoteni, wakamkimbiza hospitali.

Alipopata fahamu daktari alikuwa kando yake. "Mwili ulishazoea vile vidonge. Ukiviacha ghafla unaweza kufa. Mbona ulivitupa bila kuniambia?"

"Mtu mzima nitasemaje naogopa kikohozi cha jirani?"

Daktari hakumcheka. Alimpiga picha ya kifua, ikatoka safi. Akamrudishia vidonge ili vipunguzwe polepole, akamwongezea sindano ya viungo ya kila wiki yenye madini ya dhahabu, ambayo ingechukua miezi kuonyesha matokeo.

Ilionyesha, ingawa vidole viwili vya kushoto vilibaki vimepinda. Lusweti alirudi kwenye kioo chake, akakata nywele tu kwa makasi. Wembe hakuugusa tena. Woga haukumwisha. Akikohoa hata mara moja, alishika njia ya hospitali kwa miguu, na wauguzi wakamzoea.