Mama Kwenye Mizani ya Karafuu

Nikisikia harufu ya karafuu zilizoanikwa jamvini, namuona mama akining'inia.

Kifua kikuu kilimkondesha hata kanga hazimkai kiunoni. Hospitali walimpa dawa, wakasisitiza ale. Basi bibi akawa anamlisha supu ya pweza na mayai, atake asitake. Kila mwezi baba alitundika mizani ya karafuu kwenye tawi la mshelisheli, akamketisha mama ndani ya gunia, nasi watoto tukakodoa macho.

Siku ile mshale ulipita alama ya mwezi uliotangulia. Baba akamtazama bibi, aliyesimama karibu mno na gunia.

"Bi Mkubwa, toa kidole."

Bibi akainua mikono yote miwili. Mshale haukurudi.

Mama akacheka gunia likapepesuka, akacheka mpaka akamaliza, bila kukohoa.