Bima ya Uganda, Matope ya Kabianga

Niliisikia chai ikivunjika kabla sijaona chochote. Kraa, kraa, kraa, vijiti vingi vikikatika kwa pamoja chini ya miguu yangu, kisha mkwaruzo mrefu tumboni mwa gari, kisha kimya. Nilikuwa nimefumba macho (ndiyo, dereva mwenyewe, mikono kwenye usukani, macho nimeyafumba kama mtoto anayengoja sindano). Nilipoyafumbua, mbele ya kioo hapakuwa na barabara, palikuwa na majani mabichi tu, na kando yangu watu kama arobaini wamesimama na magunia yao ya chai, wote wananitazama, na mmoja wao alikuwa mama yangu.

Aibu ya siku hiyo ni yangu peke yangu, simsingizii mtu, hata mvua siisingizii.

Mambo yalianza vizuri mno. Kikundi cha wasomaji huko Jinja, Uganda, kilikuwa kimenialika nikawasomee riwaya yangu ya kwanza, saa nne asubuhi ya siku iliyofuata aibu hiyo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nje ya nchi kunitafuta kwa ajili ya kitu nilichoandika, kwa hiyo kwa wiki mbili nilitembea Kericho mjini kama mtu aliyemeza taa. Ningeweza kupanda basi. Maboksi manne ya vitabu yangeingia kwenye buti la basi bila shida. Lakini nilijiambia kwamba mwandishi anayevuka mpaka kwa mara ya kwanza hawezi kuvuka akiwa amebanwa kati ya mtu anayelala na mtu anayekula mahindi, nikaenda kukodi gari.

Mwenye magari alikuwa Wanjiru, mama mmoja mtulivu ambaye wazazi wake walitoka Nyeri zamani kuja kufanya biashara hapa mjini. Alinikalisha, akanipa chai, akanieleza karatasi moja moja. Kadi hii ya njano ni ya bima ya huko ng'ambo, uionyeshe Busia ukivuka. Gari uendeshe wewe tu, jina lako ndilo limeandikwa. Likikwama au likigongwa, lisivutwe na mtu yeyote kabla hujanipigia. Kisha akaweka kalamu chini.

“Na hapa ndani, Kibet? Ukigonga kitu kabla hujafika Busia, nani atalipa?”

Nilicheka. Nilicheka, jamani, mbele ya mwanamke mzima aliyekuwa akinitakia mema.

“Hapa ni nyumbani, dada. Hizi barabara nazijua tangu nikiwa na meno ya utoto.”

Akanitazama kidogo, akapiga mstari kwenye nafasi ya bima ya hapa nchini, nikatia sahihi.

Sasa, mama yangu alikuwa amesema nisivuke mpaka bila kupitia nyumbani Kabianga niombewe na ninywe mursik, maana kwetu msafiri haondoki na tumbo lenye chai ya hoteli, anaondoka na maziwa ya kibuyu cha nyumbani. Akanionya kwenye simu kwamba mvua ilinyesha alfajiri, niliache gari kwenye lami, nishuke kwa miguu, ni mwendo wa dakika kumi na tano tu. Nikamwambia sawa. Lakini nilipofika pale lami inapoishia nikawaza wale majirani ambao kwa miaka mitano wamemuuliza mama yangu kama kuandika ni kazi au ni ugonjwa, nikawaza gari jeupe, limeoshwa, likiteremka polepole kupita kituo cha kupimia majani ya chai saa ambayo kila mtu yupo pale akingoja lori. Nikakunja kona.

Barabara zetu za udongo mwekundu zikilowa huwa kama sabuni, na hilo linajulikana hata kwa mbuzi. Kwenye kona iliyo chini kidogo ya kituo gari likaanza kwenda upande ambao sikulituma, nikakanyaga breki (kosa), nikakanyaga zaidi (kosa kubwa), likazunguka polepole, kwa heshima kabisa, pua ikaingia kwenye chai ya Mzee Koech na mkia ukabaki umekaa barabarani, ukiiziba yote, maana upande wa pili ni ukingo mrefu wa udongo.

Chelang'at, karani anayepima majani, alikuja wa kwanza, akauliza kama nimeumia. Sikuumia. Basi watu wakaja, wanaume wakashika bampa, akina mama wakaingia kwenye mtaro na aproni zao za plastiki, hakuna aliyeniuliza swali, walikuwa wanataka tu kuliinua. Hapo ndipo nilipotoa mkono dirishani nikawaambia wasiguse.

Nilishuka na mkataba. Nikawasomea. Nawaapia, nilisimama kwenye matope na viatu vyangu vya Jinja nikawasomea wachumaji chai wa Kabianga kifungu cha kuvutwa kwa gari, kwa sauti ile ile niliyokuwa nimeifanyia mazoezi kwa ajili ya riwaya. Walinisikiliza mpaka mwisho. Mtu mmoja nyuma akauliza, taratibu kabisa, “Na hiyo bima iko na mikono?” Mwingine akamjibu kwamba wamwache mwandishi, ameandika mstari mrefu kwa chai ya mzee, sasa anasahihisha.

Nikampigia Wanjiru. Aliniuliza niko wapi, nikamwambia Kabianga. Akasema bima niliyonayo inaanza kazi pasipoti ikishagongwa muhuri, kwa hiyo hapo nilipo sina kitu, na gari la kuvuta lingetoka Nakuru, likiwahi lifike jioni, nisubiri.

Wakati huo tukasikia honi ya lori la majani likija kutoka chini.

Dereva wake, Koskei, alilisimamisha akapanda kwa miguu, mtu mfupi, kofia ya sufu, asiye na haraka. Alilitazama gari, akanitazama mimi, akasema maneno yake kwa Chelang'at. Alikuwa na vituo viwili vingine vya kufika. Angengoja dakika ishirini, barabara isipofunguka angegeuzia lori pale kanisani aende zake, na majani ya hapa yabaki. Kila mtu alijua maana yake. Majani yaliyochumwa tangu asubuhi yakikaa kwenye magunia mpaka jioni yanapata joto, yanageuka mekundu, na kiwandani hayapokelewi. Kazi ya siku nzima ya watu arobaini inamwagwa.

Mimi bado nilikuwa nimeshika karatasi. Nilikuwa nafikiria mikwaruzo, nafikiria nani atalipa, nafikiria Jinja, na nawaomba wangoje kidogo nijaribu kumpigia Wanjiru tena, labda atoe ruhusa. Mtandao ukakatika. Dakika zikaenda. Mama aliinama kwenye gunia lake, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akauweka juu ya mkono wangu ili nisikie joto la majani.

“Kibet. Hawa watu wamechuma tangu saa kumi na mbili,” akasema. “Hiyo karatasi yako imechuma nini?”

Niliikunja nikaitia mfukoni. Nikasema vuteni, inueni, fanyeni mnavyojua.

Mzee Koech, mwenye chai niliyoiponda, ndiye aliyeleta matawi ya kuweka chini ya magurudumu, akiyakata kwenye miti yake mwenyewe ya chai iliyokwisha vunjika. Koskei akanituma ndani niwashe injini nirudi nyuma wakati wao wanainua. Akahesabu moja, mbili, tatu, nami nikakanyaga mafuta kwa moyo wangu wote, na gari lilikuwa bado kwenye gia ya kwenda mbele. Likaruka kuingia chai zaidi. Matope yaliyotoka kwenye magurudumu yaliwapaka watu wote waliokuwa nyuma, kuanzia magoti mpaka vilemba, na nilipogeuka kutazama sikumtambua mama kwa muda.

Koskei akafungua mlango wangu. “Shuka, mwandishi,” akasema. “Hii sasa si ya kusoma.”

Akaingia yeye, mtu ambaye jina lake halikuwa popote kwenye mkataba. Watu wakainua. Nami niliinua, nilipata nafasi kando ya Chelang'at, na sijawahi kubeba kitu pamoja na watu wengi hivyo, unahisi uzito unakuwa wa kila mtu na kwa hiyo unakuwa si wa mtu. Gari likatoka. Bampa likabaki ndani ya chai.

Lori likapita zikiwa zimebaki dakika chache. Magunia yakapimwa mbio mbio, Chelang'at akitia mkono katika kila moja, na la mama lilikuwa la mwisho. Karani alikaa na mkono ndani kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha akaandika.

Nilienda kwa Mzee Koech kuomba msamaha, nimejitayarisha kutukanwa, na kwa kweli ningependa kutukanwa. Alinishika bega, akasema miti ya chai hukatwa hata bila gari, itachipua, baada ya mwaka nitakuja nishindwe kupaonyesha. Akina mama waliosha gari kwa maji waliyokuwa wamebeba ya kunywa. Mtu fulani alifunga bampa kwa kamba za magunia, kwa mafundo ambayo baadaye fundi wa Kericho alihangaika nayo. Mama akaleta kibuyu pale pale barabarani, nikanywa mursik nimesimama, na wale watu, wamekauka matope usoni, wakafumba macho wakaniombea safari na mpaka na wageni wangu wa ng'ambo. Nilisema kongoi, asante ya kwetu, mara nyingi mpaka Koskei akaniambia inatosha.

Busia nilifika jioni, Jinja niliwasomea asubuhi nikiwa na udongo mwekundu kwenye kucha. Bampa nililipa mwenyewe baadaye, na Wanjiru, Mungu ambariki, hakunicheka mpaka nilipotoka ofisini, nilimsikia kupitia dirisha. Sijakodi gari tena bila kuuliza kwanza kuhusu bima ya hapa hapa, ya kona na mitaro inayonijua jina. Na msaada ukija, ukija kwa mikono yenye matope, sitausomea vifungu tena maishani mwangu.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni mama. Alipanda gari anisindikize mpaka lami, amekaa mbele, amejifuta kwa kanga, miguu ameiinua kidogo juu ya gazeti ili asichafue gari la watu. Tulienda polepole nyuma ya lori. Pale lami inapoanzia akaniambia nisimame.

“Wakikuuliza huko unatoka wapi,” akasema, “usiwaambie Kericho mjini. Waambie Kabianga.”

Akashuka, akakunja gazeti akalichukua, akausukuma mlango. Haukushika. Akaufungua tena, akaufunga kwa nguvu, na huo mlio ndio nilioondoka nao.